Mteja Mmoja wa Rukuba

Kila asubuhi Jenipher alianza kazi kwa namna ile ile. Alichemsha chai, na wakati ikipoa akafungua kompyuta na kunakili majina. Watu waliojaza fomu kwenye tovuti ya kampuni, wakiulizia vichujio vya maji, aliwahamishia mmoja mmoja kwenye mfumo wa wateja, akitaja majina yao chini chini kama anayewasalimia. Siku hiyo alipiga funda la kwanza, akaweka vidole kwenye kibodi, na jina likajiandika lenyewe.

Akaondoa mikono haraka. Likaingia la pili: Rhobi, wa Butiama.

Simu ikaita. Alikuwa Gibson, fundi wa mifumo aliyekaa ofisi ya Bunda, na alikuwa anacheka.

"Dada Jeni, usikimbie. Nimeunganisha fomu na mfumo. Mtu akibonyeza tuma huko aliko, anatua hapo kwako. Wewe sasa kunywa chai kama bosi."

Chai haikunyweka. Jenipher alikaa mikono mapajani, kama mtu aliyewahi kanisani kabla ya ibada. Huko Butiama kuna mtu alikuwa ameinua kidole sasa hivi, na kabla hajakishusha, jina lake lilishafika Musoma. Mambo haya alifundishwa chuoni, na mtihani alifaulu. Lakini kuyajua ni jambo moja, kuyaona yakipumua mbele yako ni jingine.

Kisha akaona la ajabu zaidi. Mteja pekee wa kisiwa cha Rukuba aliitwa Masatu. Jenipher akapepesa macho, mteja anaitwa Dorkas. Akasogea karibu na kioo, sasa ni Clever. Mstari ni ule ule, namba ya simu ni ile ile, ila jina linabadilika kama mtu anayevua shati na kuvaa lingine.

Hapo ndipo alipoingia Baltazar, mwenye kampuni. Boti ya visiwani ilikuwa inaondoka kesho yake na alitaka kupanga itapita wapi. Baada ya hapo ni mvua, na safari nyingine ingesubiri mpaka ziishe. Akauliza Rukuba wako wangapi.

"Mmoja, mzee. Ila..."

"Ila nini?"

Baltazar alikuwa mtu mwema, lakini Mungu alimpa sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Mbele ya sauti hiyo maneno ya Jenipher hurudi tumboni.

"Hamna, mzee."

"Basi boti haipiti Rukuba kwa mtu mmoja," akasema, akatoka kwenda uani kuonana na nahodha.

Jenipher akaipiga ile namba ya Rukuba. Ilipokelewa na mwanamke, Ursula, mwenye duka, nyuma yake upepo na watu wakitaniana. Jenipher akamuuliza kama namba ni yake.

"Yangu, na ya wote," akajibu Ursula. "Simu ya intaneti hapa ninayo mimi. Wanakujaga dukani, nawajazia. Saa hizi wamepanga mstari mpaka kwenye mitumbwi. Watoto wanaharisha, mwanangu. Mnakuja lini?"

Jenipher alimwomba asubiri kidogo, akampigia Gibson. Gibson akaeleza kwamba mfumo unamtambua mtu kwa namba yake ya simu. Namba ikirudi, unadhani ni yule yule amerekebisha taarifa zake. Akauliza, watu wawili watatumiaje namba moja? Jenipher akamweleza kwamba kwao Butiama namba ya shangazi ndiyo ilikuwa ya shule, ya kanisa, ya zahanati na ya harusi zote. Namba ni ya mji mzima, si ya mtu.

"Hata kwetu ni ya mama," akasema Gibson. "Ngoja."

Akauamuru mfumo utazame namba pamoja na jina, kisha akazituma upya fomu zote zilizohifadhiwa kwenye tovuti.

Masatu akarudi. Chini yake akasimama Dorkas, kisha Clever, kisha Matrida na Consolata, na wengine wakaja wakisukumana, mpaka ukurasa ukajaa na kuanza kupanda wenyewe. Jenipher alijaribu kuwataja kwa sauti ya chini kama alivyozoea, wakamwacha nyuma. Ilikuwa kama kisiwa kinainuka majini mbele yake, na watu wake wote wakiwa wamesimama ufukweni.

Hakukumbuka kufungua mlango. Alijikuta uani, Baltazar na nahodha wamegeuka kumtazama, na sauti iliyomtoka hakuwahi kuisikia.

"Mzee, ile 'ila' sikuimalizia. Rukuba sio mtu mmoja, ni kisiwa kizima kwenye simu ya mama mmoja. Boti iende. Na mimi napanda."