Mchezo wa Nani Hayupo

Basi bwana, Jumamosi ile Baba Punje alifika ukumbini kabla ya watu wote. Alifungua madirisha, akatandika mikeka, akapanga viti vya wapigaji pembeni mwa piano. Alifanya kila kitu sawasawa, kama kibarua aliyeazimwa kwa siku moja. Ukumbi wenyewe ulikuwa ghorofani, juu ya maktaba, chumba kirefu cha sakafu ya mbao, na mara moja kwa mwezi ulijaa watoto wa miaka mitatu hadi saba pamoja na wazazi wao. Walikuja kusikiliza muziki wa klasiki. Ndiyo, watoto wa umri huo, na usicheke. Muziki ambao wakubwa huuvalia tai na kuusinzilia, hawa waliusikiliza wamelala kifudifudi, miguu juu, biskuti mdomoni. Ukiisha walipewa vyombo wavishike kwa mikono yao ileile yenye makombo.

Mambo hayo aliyaanzisha mkewe. Mama Punje alikuwa mpiga filimbi, mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi, na ndiye aliyekuwa akisimama mbele kuwaelekeza watoto. Sheria yake kubwa ilikuwa moja: mtoto haambiwi usiguse. Baba Punje yeye alipiga selo, yule ndugu mkubwa wa fidla anayebanwa katikati ya magoti, na hakuwa na maneno. Hakuyahitaji. Mkewe alisema ya wawili.

Sasa mkewe hayupo. Aliugua, akapelekwa hospitali, akarudishwa, akapelekwa tena, ikawa basi. Siku ya mazishi Baba Punje hakutoa chozi hata moja, na watu wakanong'onezana kwamba yule ni mwanamume kweli, amejikaza. Amejikaza wapi! Hakukuwa na cha kukaza. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, kuanzia kisogoni hadi nyayoni, na ganzi hiyo haikumtoka wiki ile wala mwezi ule. Alikula akiwekewa chakula. Alioga. Alimpeleka binti yake shule na kumrudisha. Binti ndiye huyo Punje, aliyepewa jina hilo kwa sababu alizaliwa kadogo mno, na hata sasa anakaribia miaka sita bado ni kadogo. Baba Punje alijua kwamba anampenda. Alijua tu, kama unavyojua mtaa wako unaitwaje, hakuhisi kitu.

Mtu aliyeshindwa kuvumilia alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, mwalimu wa chekechea mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Jumatano alikuja nyumbani, akamkuta jikoni ameshika kikombe kisicho na kitu.

"Shemeji, nataka Punje aje akae kwangu."

"Sawa."

"Sawa nini?"

"Akae."

"Wewe baba wewe! Yaani nikisema nakwenda kumtupa utasema sawa?"

Baba Punje alilifikiria swali hilo. Kisha akamuuliza kama atakunywa chai.

Shemeji alilia palepale, akilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akisema kwamba mtoto anahitaji mtu ndani ya nyumba, si kabati. Maneno makali, lakini alikuwa na haki yake. Walikubaliana, kama kweli kuna makubaliano pale ambapo mmoja anaongea na mwingine anaitikia, kwamba onyesho la Jumamosi likiisha ataondoka na mtoto moja kwa moja. Begi la nguo la Punje lilikuwa kwenye gari la shemeji tangu asubuhi. Baba Punje alilibeba yeye mwenyewe hadi pale nje, akalipakia, akafunga mlango. Alijichunguza aone kama ameumia. Hakuumia, na hilo ndilo lililomtisha, kwa kadiri mtu wa namna hiyo anavyoweza kutishika.

Watoto walianza kuingia, viatu wakaviacha mlangoni lundo moja lisilotambulika. Wapigaji walikuwa watatu tu sasa. Kwenye piano alikaa Bwana Piano, jitu la miraba minne lenye vidole kama ndizi na utani usiokwisha. Kando yake alikaa Dada Fidla, aliyeilalia fidla yake kwa shavu kama mto. Na Baba Punje.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi hawakulijua. Tangu arudi kwenye maonyesho, Baba Punje hakuwa akipiga. Alikaa vizuri, alishika upinde wa kusugulia nyuzi vizuri, mkono ulikwenda na kurudi kwa wakati wake, lakini upinde ulipita juu ya nyuzi kwa upana wa unywele, pasipo kugusa. Hakulipanga. Mara ya kwanza mkono ulikataa tu kutia uzito, na alipoangalia, Bwana Piano alikuwa tayari ameshusha mkono wa kushoto kule chini kwenye sauti nzito, anampigia sehemu yake. Hawakuwahi kulizungumza. Dada Fidla alijua, akanyamaza naye. Wazazi walipiga makofi. Wazazi hupiga makofi hata kiti kikianguka, mradi mtoto wao yupo kwenye picha.

Punje naye, tangu mama yake afariki, alikuwa hataki kuingia ndani. Kila onyesho alikaa kule nje kwenye ngazi akipanga viatu vya wenzake. Leo mama yake mdogo alimshika mkono, akamkalisha kwenye mkeka wa nyuma, akamwambia, "Leo kaa na wenzako, mama. Mara moja tu." Punje akakaa, mikono mapajani, kama mgeni.

Onyesho lilianza vizuri. Shemeji, ambaye sasa ndiye aliyesimama mbele mahali pa dada yake, alikuwa fundi wa watoto, hilo halina ubishi. Aliwaamuru wawe mvua, wakawa mvua, akawaamuru wawe paka wezi, wakanyata mpaka chini ya piano. Katoto kamoja kalipanda juu ya kiti cha Bwana Piano na kuketi naye, na Bwana Piano akapiga ukurasa mzima akiwa na nusu ya kiti. Baba Punje aliupitisha upinde wake hewani. Alikuwa akitazama kifundo cha mguu wa mtoto mmoja, soksi iliyotoboka, na hakuwa akiwaza chochote.

Kisha shemeji akapiga makofi. "Haya! Nani anaukumbuka mchezo wa Nani Hayupo?"

Watoto wa zamani walipiga kelele. Huo ulikuwa mchezo wa Mama Punje, na tangu afe haukuchezwa, kwa aibu tu, hakuna aliyethubutu. Watoto huwapa wapigaji mgongo, huziba macho kwa viganja, na wapigaji hupiga wimbo huku mmoja wao amenyamaza. Wimbo ukiisha, watoto huulizwa nani hayupo. Na Mama Punje alikuwa ameweka sheria yake hapo pia: mtoto haambiwi umekosea. Akitaja chombo chochote, chombo hicho hupiga sehemu yake peke yake, ukumbi mzima usikilize, mtoto aamue mwenyewe.

Shemeji alimkonyeza Dada Fidla: nyamaza wewe. Dada Fidla akaweka fidla mapajani. Hakuna hata mmoja kati ya wakubwa wale, na wote walikuwa na akili zao timamu, aliyekumbuka kwamba safari hii watasikilizwa na watu waliofumba macho.

Walipiga. Maana yake, Bwana Piano alipiga. Mkono wa Baba Punje ulikwenda na kurudi, mzuri kabisa kwa kuangaliwa.

"Haya! Nani hayupo?"

"Ngoma!" alijibu mmoja kwa nguvu zote, na hapakuwa na ngoma jengo zima.

"Bibi yangu!" akasema mwingine, na ukumbi ukacheka, na bibi aliyesahauliwa nyumbani akawa ametajwa.

"Fidla!" wakasema watatu kwa pamoja.

Dada Fidla akasimama, akapiga sehemu yake, wakamshangilia. Shemeji alikuwa ameshaanza kuwaambia wageuke alipoona mkono mmoja kule nyuma bado uko juu. Macho yamezibwa kwa kiganja cha pili.

"Punje, mama, tumeshampata."

"Na selo," alisema Punje.

Wazazi walicheka, kicheko kizuri tu, cha upendo. Si selo hiyo hapo, kubwa kama mlango, na mwenyewe kaikumbatia! Wamemwona kwa macho yao akipiga. Lakini Bwana Piano hakucheka. Alitoa mikono yake kwenye piano, akaiweka magotini, akainamisha kichwa.

Shemeji alimtazama Bwana Piano, akamtazama Baba Punje, akautazama upinde. Alielewa hapohapo, na uso wake ukabadilika. Angeweza kuendelea na jambo lingine. Walimu wa chekechea wanajua kuruka mashimo. Lakini sheria ilikuwa ya dada yake.

"Haya," alisema polepole. "Selo. Peke yake."

Watoto wakatulia, migongo bado imegeuzwa. Baba Punje aliuangalia upinde. Akautia kwenye uzi, akaukandamiza.

Sauti ya kwanza ilikuwa mbaya, jamani, tusidanganyane. Ilikwaruza kama meza inayoburutwa, na watoto wakacheka. Ya pili ikawa afadhali. Sehemu ya selo katika wimbo ule haikuwa na urembo wowote, ni sauti nzito chache zinazotembea taratibu chini ya wenzake, na zikipigwa peke yake hata hujui wimbo ni upi. Alizipiga. Hakuhisi kitu. Mtetemo ulimpita kifuani na magotini kama unavyopita kwenye mbao, naye akauacha upite.

Akafika pale.

Kwenye wimbo ule kuna mahali selo hutulia, mpigaji huinua kichwa na kumwashiria mtu wa filimbi aingie. Miaka yote hiyo aliinua kichwa pale na mkewe alikuwa amesimama karibu na dirisha, filimbi mdomoni, nyusi juu, akimngoja. Sasa kichwa kiliinuka chenyewe. Akaangalia dirishani. Upinde ukasimama, na yeye akabaki ameinua uso, anangoja.

Watoto ni watu wasio na subira. Mmoja akachungulia kati ya vidole, wa pili akageuka, mwishowe wote wakawa wamegeuka, wanaangalia alikokuwa akiangalia. Dirisha na ukuta.

"Anamngoja nani?" aliuliza yule wa soksi iliyotoboka.

Shemeji akageuka kumtazama Punje.

"Anamngoja mama," alisema Punje. Alikuwa amesimama. Alipita katikati ya wenzake, akakanyaga vidole vya mtu, hakuomba radhi, akaja mpaka mbele ya selo. Alimtazama baba yake kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyekaa muda mrefu getini.

"Haji, baba," alimwambia. "Endelea."

Akaendelea. Alipiga ile sehemu iliyobaki hadi mwisho, bila filimbi, bila piano, na kitu kikaanza kumuuma. Kilianzia kwenye mkono wa kulia kikapanda begani, na kilipofika kifuani alijua ni nini. Nani asiyejua ganzi inavyouma inapotoka? Alilia akipiga. Watoto waliona, hawakushangaa sana; wao hulia kila siku.

Baadaye, wakati watoto wanagombania fidla ndogo na Bwana Piano anawaruhusu waipige piano kwa viwiko, shemeji alikuja na ufunguo wa gari mkononi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shemeji, nikuulize. Twende au tusiende?"

"Sitaki aende," alisema Baba Punje.

"Jumatano ulisema sawa."

"Nilisema sawa hata kwa daktari aliponiambia amefariki."

Shemeji alikaa chini, kwenye mkeka, bila kuangalia pa kukalia. "Na ukirudi kuwa kabati tena?"

"Sijui." Hakumdanganya. "Inaweza kutokea. Lakini sitaki aende. Naumia hapa," akajishika kifua, "naumia vibaya mno, shemeji, na sitaki aende."

Punje alikuwa amesimama kati yao, anasikiliza kila neno, kama ilivyo desturi ya watoto pale wakubwa wanapodhani hawasikii.

"Mimi nikae kwa baba," aliamua. "Mamdogo aje kupika. Baba anapika vibaya."

Shemeji akacheka na kulia pamoja, akapiga paja lake, akasema mtoto huyu ni marehemu mtupu, na hapo akalia tu.

Wakatelemka ngazi hadi kwenye gari. Baba Punje alikuwa na selo mgongoni. Akalitoa begi, akalitundika bega moja, mtoto akamshika mkono uliobaki. Machozi yalimtoka njia nzima, na hakuwa na mkono wa kujifutia.

"Baba, unatoka makamasi," alisema Punje, akamvuta ainame, akampangusa kwa mkono wa sweta lake.