Alilolisema Kliniki

Fundi cherehani alipopofuka kwa presha ya macho, wanawe waliuza cherehani yake bila kumuuliza, wakamkalisha sebuleni kama mgeni. Chai aliletewa, nguo alichaguliwa. Akaacha kula, akaacha hata kugombana na dada yake, jambo ambalo hakuwahi kuliacha tangu utotoni.

Kliniki, daktari alimpima, akasema, "Mama, macho hayajazidi kuharibika."

"Siku hizi, daktari, nikilala naomba kusikuche."

Binti yake akamwahi daktari kujibu. "Ni uzee tu huo."

Daktari akaandika dawa ya matone ile ile. Njiani binti alimsifu mama yake kwa uvumilivu. Mama alikuwa amelisema mara moja, na aliapa moyoni kwamba hatalirudia.