Ndama wa Illuminée

Kellen alipopewa ng'ombe mwenye mimba na kikundi cha akina mama wa Gahanga, aliambiwa sharti moja tu mbele ya watu wote: ndama wa kwanza akiwa jike, ataenda kwa Illuminée. Ndiyo ilikuwa desturi ya kikundi. Anayepokea hutoa, na anayefuata naye hutoa.

Kellen alipiga makofi kama wenzake, lakini moyo wake ulikuwa umejifunga.

Mwaka uliotangulia, Ntare, mwanawe wa pekee, alitaka kumuoa Raïssa, binti wa Illuminée. Wazee walikuwa wameshakaa, vinywaji vimeshamiminwa, Illuminée aliposimama na kusema hawezi kumpa binti yake kijana anayelewa tangu asubuhi. Alilosema lilikuwa kweli, na kila mtu pale alilijua. Wiki hiyohiyo Ntare alibeba begi lake akaenda Kampala, na tangu hapo simu yake haikupatikana. Kellen alikuwa amemlea mtoto huyo uhamishoni Mbarara, Uganda, akarudi naye Rwanda mgongoni. Hakumlaumu Ntare wala pombe. Alimlaumu Illuminée.

Daktari wa mifugo, kijana mpole aliyeitwa Shami, alikuja kumwona ng'ombe. Alimpapasa ubavu, akamshika kiwele, akafurahi.

"Mama Ntare, sasa ndiyo kazi inaanza," alisema. "Hii miezi ya mwisho ndama anakua haraka sana tumboni. Mama asipokula vizuri sasa, mtoto anazaliwa mdogo, na huo udogo anaweza kubaki nao maisha yake yote. Majani ya mabingobingo yasikosekane, na pumba kila siku. Na chumvi pia."

"Na asipokula, yeye mwenyewe anakufa?" Kellen aliuliza.

Shami alidhani ni woga wa mama anayejali. "Hapana, mara nyingi anadhoofika tu. Ukimlisha baadaye anaweza kurudi. Anayeumia zaidi ni aliye tumboni."

Kellen alimshukuru, akamsindikiza hadi barabarani.

Kuanzia wiki ile alianza kupunguza. Mabingobingo yakawa fungu moja asubuhi, na jioni maganda ya ndizi. Pumba alizopewa na kikundi akawapa kuku. Ng'ombe alilia siku za mwanzo, kilio kirefu kilichowafanya majirani wageuze shingo, kisha akaacha kulia, akaanza kutafuna. Alitafuna mbao za hori mpaka zikawa na meno kama msumeno. Alitafuna kamba yake. Alilamba ukuta wa kiraro, banda lake, mpaka udongo ukaacha shimo.

Frederick, mume wa Kellen, alivumilia, kisha akashindwa. Asubuhi moja alikata mzigo wa majani bondeni, akaja nao kichwani. Kellen alimkuta mlangoni pa kiraro.

"Unampelekea nani hayo?"

"Kellen, huyu mnyama amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Sina ugomvi naye."

"Basi mwache ale."

"Mwanao yuko wapi, Frederick?" Alimtazama usoni mpaka akainamisha macho. "Ukinijibu hilo, mpe majani."

Frederick aliutua mzigo chini. Jua likaukausha hapohapo, hatua chache tu kutoka kwa ng'ombe, ambaye alinyoosha shingo na ulimi kutwa nzima bila kuufikia.

Akina mama wa kikundi walipokuja kukagua, Kellen alikuwa amemlambisha chumvi nyingi kisha akamnywesha maji mpaka tumbo likajaa ndii. Mgongoni alimfunika gunia, akasema ni kwa ajili ya baridi ya mvua. Walimsifu. Illuminée, ambaye alikuwa amekulia Bujumbura na alipenda kuongea kwa mikono, alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mama Ntare, Mungu akubariki. Mimi nilifikiri una kinyongo na mimi."

"Kinyongo cha nini?" Kellen alisema. "Yale yalipita."

Ndama alizaliwa asubuhi, mvua ikinyesha. Alikuwa jike. Kichwa chake kilikuwa kikubwa, na nyuma yake kulifuata mwili wa mbuzi: mbavu zimechorwa, miguu myembamba, manyoya machache yaliyolala juu ya ngozi. Alijaribu kusimama, akaanguka kifudifudi. Mama yake alimlamba akiwa amelala, maana na yeye hakuweza kuinuka. Kiwele kilitoa dang'a, yale maziwa ya kwanza, kidogo tu, isiyojaza hata kikombe.

Shami alichuchumaa, akayatazama meno ya ndama na kwato zake. Alipoinuka, upole ulikuwa umemtoka usoni.

"Huyu hakuzaliwa kabla ya wakati. Siku zake zilitimia. Alinyimwa humo ndani. Mlikuwa mnamlisha nini mama yake?"

"Nilimlisha kuliko ninavyokula mimi," Kellen alisema. "Muulize mzee."

Shami alimgeukia Frederick. Frederick alikuwa anatazama mbao za hori.

"Alikula," alisema.

Kellen mwenyewe ndiye aliyependekeza ndama aondoke mapema, kwa kuwa mama yake hana maziwa. Kikundi kikaona ni busara. Illuminée alikuja na Raïssa, wakamfunga ndama kwenye kitenge kama mtoto mchanga, wakampa jina la Mahirwe, yaani bahati. Siku ya pili alirudi na dumu la urwagwa, pombe ya ndizi, kumshukuru aliyempa. Kellen alimimina glasi, akainywa yote mbele yake, akafuta mdomo.

Illuminée alimtunza yule ndama kama mgonjwa. Aliomba maziwa nyumba hadi nyumba, akamnyonyesha kwa chupa, akalala naye jikoni karibu na makaa. Mahirwe hakufa, lakini hakukua. Ndama wa majirani waliozaliwa baada yake walimpita kimo. Watoto njiani waliuliza kama ni mbuzi. Kisha mvua za masika zikaja na kikohozi, na mwili ule haukuwa na akiba ya kupigana nacho. Alikufa kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Raïssa.

Kikao kilifanyika Jumamosi ya umuganda, baada ya kazi ya pamoja ya kijiji, majembe yakiwa bado na udongo. Shami alikuwa ameshahamishiwa Bugesera. Mwenyekiti, Liliane, aliuliza swali ambalo wengi walikuwa wameshalijibu moyoni: je, Illuminée alimnyima ndama chakula?

"Alizaliwa hivyo!" Illuminée alisema. "Mama Ntare iko hapa, aliona. Mama Ntare, waambie."

Kellen alisimama. Hakuwa na haraka.

"Alikuwa mdogo, sikatai. Lakini nilitoa ndama aliye hai. Mnyama haelezi anachokula, lakini mwili wake unaeleza. Mbavu zile mliziona wote."

Watu waliguna. Illuminée alimtazama, mdomo wazi, na taratibu mikono yake iliyokuwa hewani ikashuka. Kellen aliona wakati hasa alipoelewa. Alikuwa ameusubiri wakati huo kwa miezi mingi, na ulipofika ulikuwa mtamu kama alivyotarajia.

"Ni kwa ajili ya Ntare?" Illuminée aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijui unasema nini, mama."

Frederick alisimama. Kwa kitambo watu walidhani anataka kusema neno. Alichukua jembe lake, akaenda nyumbani.

Illuminée aliondolewa kwenye zamu ya kupokea ng'ombe, na hakuna aliyempa mnyama tena. Yeye na Raïssa walipata kibarua cha kubeba matofali Kinyinya, kwenye majumba mapya. Ng'ombe wa Kellen alichukua muda mrefu kupata nguvu, na muda mrefu zaidi kushika mimba. Safari hii alilishwa mabingobingo mabichi na pumba bila kipimo, akazaa ndama mnene aliyesimama kabla hajakauka. Kikundi kilimchagua Kellen kuwa makamu wa Liliane.

Asubuhi Illuminée hupita mbele ya lango lile akienda kupanda basi. Kellen humsalimu kwa sauti, majirani wasikie, naye Illuminée huitikia, maana kutoitikia ni utovu wa adabu. Kisha Kellen hurudi kukamua. Ntare bado hajapiga simu.