Ebei Alikuja na Mbao

Mwanamume akikaa miaka mingi bila hata kumjulia mwanawe hali, halafu atokee asubuhi moja mlangoni kwako na msumeno na kipande cha mbao, huyo hakuja kutengeneza gari la kuchezea. Hivyo ndivyo nilivyojiambia nilipomwona Ebei amesimama nje ya ua wangu, hapa Lodwar, kofia mkononi.

"Ejok, mama," alisema.

"Ejok-noi," nikajibu, maana salamu hanyimwi mtu. Lakini kiti sikumpa.

Ebei ndiye baba wa mjukuu wangu Apua. Alimzaa na binti yangu Nelly, akaenda zake Kakuma kufanya useremala, na Nelly alipofariki alituma pole kwa simu. Hakuleta ng'ombe, hakuleta ngamia, hata kwato za mbuzi sikuziona. Na kwetu Waturkana, mwanamume asiyetoa mifugo ya mahari hana mtoto. Mtoto ni wa babu yake mzaa mama. Kwa hiyo Apua ni wa mume wangu Lokiru, ambaye wakati huo alikuwa na mbuzi wake upande wa Kalemng'orok, na aliyebaki kulinda nyumba nilikuwa mimi.

Ebei alidai kwamba Apua ndiye aliyempigia simu. Kanisa lilikuwa limetangaza mashindano ya magari madogo ya mbao, kila mtoto atengeneze lake na mzazi wake, kisha yateremshwe kwenye njia ya mbao tuone lipi lina mbio. Watoto wa Lodwar na wa Kakuma wangeshindana pamoja, na siku yenyewe ingekuwa huko Kakuma. Kakuma hasa, anakoishi yeye! Nikamwita Apua.

"Namba yake ulitoa wapi?"

Alichora mchanga kwa kidole cha mguu. "Kwa simu yako, nyanya."

"Na mimi je? Mimi si mzazi?"

"Wewe hujui kushika randa."

Hapo alinishinda. Mbao ikaingia uani.

Basi kila Jumamosi Ebei alikuja, nami nikakaa mlangoni nikisuka kikapu changu cha majani ya mkoma. Alikata, Apua akapiga msasa. Magurudumu waliyachonga kwenye tawi la mathenge, ule mti mgumu uliojaa kwetu kila mahali na miiba yake, na ekseli zikawa spoki za baiskeli. Alimshika mtoto mkono juu ya randa, wakaisukuma pamoja, na ule unyoya wa mbao ulipojikunja Apua alicheka kicheko ambacho mimi sijawahi kumchekesha. Nasema ukweli, niliona wivu. Na mtu mwenye wivu haoni usingizi wala haoni jema. Nilimtazama Ebei kuliko nilivyotazama kazi yangu, na kikapu kile kilitoka kimepinda.

Maswali yake ndiyo yaliyonitia shaka zaidi. Apua yuko darasa la ngapi? Anaogopa mbwa? Siku moja alimpima mguu kwa kipande cha uzi, akakitia mfukoni. Nani hupima mguu wa mtoto kama hana safari naye?

Halafu ile simu. Ililia, akatoka nje ya ua, akainama nyuma ya miti. Nilijifanya nakwenda kumwaga maji.

"Jumamosi hiyo itaisha tu," alikuwa akisema kwa sauti ya chini. "Hakuna mtu atajua."

Nilimwaga maji yote miguuni mwangu. Jioni nilimweleza jirani yangu Emanikor, naye si mtu wa kumpunguzia mwenzake hofu.

"Huyo anaiba mtoto," alisema. "Mtaenda Kakuma watatu, utarudi peke yako. Kesho usikie wako Juba."

Siku moja kabla ya safari nilikuwa nafagia chini ya kitanda cha Apua. Begi lake la shule lilikuwa huko, limejaa, na halikuwa na daftari hata moja. Lilikuwa na magauni yake yote, sweta, mswaki, na picha ya Nelly aliyoitoa ukutani bila kuniambia. Nilikaa chini na ule ufagio. Tangu azaliwe mtoto huyu hajawahi kulala nyumba nisiyolala mimi. Nilirudisha begi palepale. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi sikutaka mawingu yajue kwamba nimeyaona.

Kakuma tulikuta uwanja umejaa watoto wa mji na wa kambi ya wakimbizi, kila mmoja na mzazi wake. Njia ya mbao ilikuwa imeegemezwa juu ya madawati. Mama mmoja Mkongo, Godelieve, ndiye aliyekuwa akisimamia.

"Bazazi bote basimame huku," alitangaza, "batoto babakie na magari yabo!"

Ebei alisimama, lakini alikuwa ameshusha kofia mpaka kwenye nyusi, na jicho lake halikuondoka langoni. Nikajua anangoja gari la kuwachukua. Apua alikuwa na begi mgongoni. Nikasogea nikasimama kati yao na lango, fimbo yangu mkononi.

Gari lao la mbao lilishinda mara ya kwanza. Mara ya pili likapinda, likatoka njiani na kuruka vumbini mbali, Apua akalikimbilia. Nikaona ndio wakati wangu.

"Ebei, najua kila kitu," nikamwambia. "Begi nimeliona. Simu niliisikia. Humchukui mtoto huyu bila ng'ombe hata mmoja."

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. "Begi gani, mama?"

"Usinifanye mjinga. Mbona unaangalia lango?"

"Bibi yangu, mwenye nilioa huku, anauzanga nguo hapo sokoni," alisema. "Yeye hajui kama niko na mtoto Lodwar. Hiyo simu ilikuwa ndugu yangu, alikuwa anaogopa nitaonekana. Mama, mimi sitaki kuchukua mtu. Huyu mtoto aliniita, nikaona haya kukataa. Sasa gari imeisha."

"Na mguu uliompima?"

"Nilitaka kununua viatu. Nikafikiria bibi ataniuliza ni ya nani." Akajikuna shingo. "Mwambie tu asinipigie tena. Ongea na yeye polepole."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi. Maneno ya mwizi nilikuwa nayo, fimbo ya mwizi nilikuwa nayo. Kwa mtu asiyetaka hata kuiba sikuwa na kitu. Nilimkasirikia kuliko ambavyo ningemkasirikia kama angemnyakua mtoto mbele yangu akakimbia naye.

Apua alirudi na gari kwapani, vumbi mpaka kwenye kope, anatabasamu.

"Baba, tunaenda sasa?"

Kumbe begi alilifunga mwenyewe, bila kuahidiwa na mtu. Ebei alitazama chini. Nikaona mdomo wake unafunguka, nikajua atakachosema, na kwamba atakisema vibaya. Nikamkata kauli.

"Huendi," nikasema. "Baba yako ameniomba sana. Ameniomba mpaka watu wanatutazama. Mimi ndiye nimekataa. Hajatoa mifugo, na mimi nimekataa."

Tabasamu likamwisha. Akamgeukia Ebei. "Uliomba, baba?"

Ebei alinitazama. Macho yake yalikuwa na maji, lakini sikumhurumia.

"Niliomba," alisema. "Nyanya yako amekataa."

Nilimshika Apua mkono, akautoa. Hakulia. Alilihamishia gari kwenye kwapa la pili, upande usio wangu, akalishika kwa mikono yote miwili. Tulirudi Lodwar hivyo.