Uzito wa Kijiko cha Maziwa

Chai ilikuwa inagawiwa wodini pale mtoto wa fundi rangi alipoanza kupaa. Aliinuka kidogo tu, kiasi cha kupitisha kiganja kati ya mgongo wake na godoro, akabaki hapo, macho yamefumbwa, anatafuna hewa. Muuguzi aliyekuwa akipita na birika alilihamishia mkono wa kushoto, akamkandamiza mtoto kwa vidole viwili mpaka akagusa shuka, kisha akammiminia mama yake chai.

"Hajashiba huyo, mama," alisema. "Akishiba atatulia."

"Hashiki ziwa, sista. Anashika, anaachia, analia. Na mimi hapa chuchu zimechanika."

"Nitakuja nikuonyeshe. Nimalize chai, nakuja."

Alimaanisha alichosema. Lakini wodi nzima ilikuwa yake peke yake asubuhi ile, na kabla birika halijaisha aliitwa kwenda kuongeza nguvu wodi ya kulipia, ambako kila chumba kilikuwa na muuguzi wake na hakuna mtoto aliyewahi kupaa. Aliporudi alirudi na habari kwamba vitanda vinahitajika. Kila mzazi aliyeweza kutembea mpaka chooni bila kushikiliwa alitakiwa aende nyumbani, na huyu alikuwa ametembea mpaka chooni.

"Mkifika, fungeni madirisha," muuguzi alimwambia akimsaidia kukunja nguo. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeacha chungu motoni.

Mwanamke huyu alipaka rangi majumba, na sifa yake ilikuwa dari. Wengi katika kazi ile hupenda kuta, kwa sababu ukuta haukudondoshei rangi machoni. Yeye aliweza kusimama juu ya ngazi tangu asubuhi, shingo nyuma, mkono juu, na akishuka dari haina hata mchirizi. Alifanya hivyo mpaka tumbo lilipokuwa kubwa likamzuia kuikaribia ngazi. Kila mtu alimwita Fundi, mumewe akiwemo.

Mumewe alikuwa kinyozi. Alikuja kuwachukua akiwa na koti pana, akamfungia mtoto ndani yake, vifungo vyote, akatembea mpaka nyumbani mkono kifuani kama mtu anayeimba wimbo wa taifa. Chumbani alipovifungua, mtoto alitokea kwenye kola, akapita mbele ya pua zao, akapanda mpaka darini, akatulia kwenye pembe ya juu ya kabati. Fundi alimfuata kwa macho. Dari ile aliipaka mwenyewe, na ni sasa tu alipoona kipande alichokiruka pale pembeni.

"Mwanangu kapanda cheo mapema," kinyozi alisema. Hakucheka mtu, wala yeye hakutegemea wacheke. Akaenda kuleta ngazi.

Jioni hiyo mama mkwe, mama yake kinyozi, alifika na mkoba wake na blanketi chini ya kwapa. Alitazama juu, akamtazama mkwewe usoni, akauliza kama amekula. Hakuwa amekula. Mama mkwe akavua viatu, akaingia jikoni.

Wifi mtu naye alikuja, dada wa kinyozi, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na mlango. Alikaa kwenye kiti, akainua shingo, akasikitika kwa dhati.

"Maziwa yako mepesi, wifi yangu. Ndiyo maana. Mtoto anakunywa kitu chepesi, lazima aelee. Mpe ya kopo, utaona anavyoshuka."

Neno hilo lilitoka nje kabla ya yeye mwenyewe kutoka. Kufikia kesho yake uani wote walijua kwamba fundi rangi ana maziwa mepesi, na mtoto alikuwa keshapata jina la utani, Unyoya. Waliomwita hivyo hawakuwa na ubaya. Waliinua kichwa tu, wakasema Unyoya hajambo, wakaendelea kuanika nguo.

Fundi alirarua shuka kuukuu, akafunga ncha moja ya kitambaa mguuni kwa mtoto na nyingine kwenye mkono wake. Alipanda ngazi, akanyonyesha huko huko juu, kichwa chake kimegusa dari. Mtoto alishika ncha ya chuchu peke yake, kama mtu anayeonja pilipili, na maumivu yakampanda mama mpaka kwenye meno. Akaachia. Akashika. Akaachia. Kwenye chuchu paliota kigaga, na kigaga kikabanduka. Fundi alishuka, akakaa sakafuni, akalia bila sauti, kisha akafuta uso kwa kiwiko kama anavyofanya kazini, akapanda tena.

Jambo moja alijifunza katika siku zile. Kitambaa kilimvuta mkono kabla mtoto hajalia. Njaa ilipoanza kumjia, mtoto alizidi kuwa mwepesi, na mkono wa mama yake ukainuka wenyewe kutoka mezani, au kutoka kwenye beseni la nguo, ukaning'inia hewani. Kilio kilikuja baadaye, na kilipokuja mtoto alikuwa amekwisha kukasirika, hataki kushika chochote. Basi Fundi akaacha kusubiri kilio. Mkono ukipanda tu, naye anapanda.

Kisha siku moja fundo la mkononi likalegea. Kinyozi alikuwa anarudi kula chakula cha mchana. Alifungua mlango, upepo ukaingia, na mtoto akatoka kwa juu yake bila haraka, akavuka kamba za kuanikia nguo, kitambaa kikimfuata nyuma kama mkia wa tiara. Kinyozi aliruka juu ya pipa la maji, akadaka ncha ya kitambaa, akamvuta mwanawe chini taratibu, mkono baada ya mkono. Alikaa kwenye udongo, amemkumbatia. Ilikuwa mikono iliyopitisha wembe kwenye koo za watu kila siku, nayo sasa ilikuwa ikijifungia kitambaa kile, fundo juu ya fundo.

"Tununue ya kopo, Fundi," alisema. "Mimi sitaki sifa. Nataka mtoto."

"Hata mimi sitaki sifa. Nipe mpaka kesho. Ikishindikana tutanunua, na hatutamwonea mtu aibu."

Kinyozi akakubali. Akarudi kazini, ingawa siku hiyo wateja wote walitoka na nywele ndefu kidogo, kwa sababu hakuthubutu kushika wembe.

Fundi aliingia ndani, akamwambia mama mkwe kwamba maziwa yamejaa, matiti yamekuwa mawe, hata nguo ikimgusa anaona nyota. Mama mkwe akachemsha maji, akaloweka taulo, akalikamua, akamwekea. Hakutoa hotuba. Joto lilipoingia, Fundi akaanza kujikanda kwa vidole, kutoka juu kushuka, hivi na hivi, mpaka tone likaja, na jingine, mazito, ya manjano kama rangi ya mafuta ikiwa haijazimuliwa. Akayakinga kwenye kijiko.

Alipanda ngazi na kijiko chake, hatua kwa hatua, macho hayabanduki kwenye ukingo. Mama mkwe aliikumbatia ngazi kwa mikono yote miwili. Wifi mtu, aliyekuwa amepitia kusalimia, alikaa na kikombe chake akiangalia. Fundi akaegemeza kijiko kwenye mdomo wa chini wa mtoto. Mtoto akalamba, akameza, akakunja uso, akameza tena.

Akashuka kwa upana wa kiganja.

"Mama, umeona?" Fundi aliuliza.

"Nimeona."

Wifi mtu akaweka kikombe chini. "Kumbe si mepesi," alisema.

"Si mepesi hata kidogo," mama mkwe alimjibu. "Yalikuwa hayamfikii tu."

 Wifi mtu akainuka, akachukua beseni la nepi, akaenda nalo bombani. Alizifua zote, akazianika, akarudi siku iliyofuata na iliyofuata akafua tena, na habari ya maziwa mepesi hakuigusa tena mpaka leo.

Kijiko kwa kijiko, mtoto alifika usawa wa kifua. Fundi akamkamata, akajaribu tena kama alivyojaribu wodini, mkono nyuma ya kichwa, kumsukumia titi mdomoni. Mtoto akajikunja nyuma kama upinde, akapiga ngumi, akalia, akapanda mpaka usawa wa kabati. Fundi akarudi kwenye kijiko. Alijikaza kisabuni, kama wanavyosema, akakamua mpaka vidole vikafa ganzi.

"Lala kidogo, mwanangu," mama mkwe alisema. "Namwangalia."

Fundi alijilaza chali sakafuni, mto mgongoni, nguo ya juu ameivua kwa sababu hakuvumilia kitu chochote kimguse. Jua la mchana lilikuwa limeingia dirishani likamfika kwenye magoti. Alifumba macho. Hakuwa anangoja kitu.

Mtoto alikuwa amepata uzito wa vijiko kadhaa, hautoshi kumweka chini, unatosha kumfanya asikae juu. Alianza kuteremka. Aliteremka polepole sana, tumbo chini, akiyumba kidogo kila upepo wa pazia ulipomgusa, mpaka akatua kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Akatulia. Baada ya muda akainua kichwa, kikaanguka, akakiinua tena. Akajivuta. Akagonga kidevu hapa, akagonga pale, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mama mkwe alinyoosha mkono ili amsaidie kumsogezea kichwa.

"Mama, muache," Fundi alisema, bado amefumba macho.

Mama mkwe akauacha mkono wake hewani, kisha akaukalia ili usimponyoke.

Kidevu kilifika kwanza, kikazama kwenye titi. Pua ikawa mkabala na chuchu. Mtoto akanusa. Akafungua mdomo, akafungua zaidi, akaufungua kama mtu anayepiga miayo ya siku nzima, na akashika: si ncha, bali titi lenyewe, mdomo umejaa, mashavu yamevimba. Fundi alisubiri maumivu yapande kwenye meno. Hayakupanda. Palikuwa na mvuto mzito, wa ndani, kama kamba inayovutwa kisimani, na chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba wote wawili waliisikia sauti ndogo kooni kwa mtoto. Anameza. Anapumua. Anameza.

"Anakunywa," mama mkwe alinong'ona. Alikuwa amezaa na kulea, alikuwa ameona mengi, na machozi yakamtoka kwa jambo hilo dogo.

Mambo hayakunyooka siku hiyohiyo. Kesho yake mtoto aliligomea titi la kushoto, na keshokutwa lile la kulia. Kuna siku Fundi alimwachisha kwa kidole mara nyingi, kwa sababu alishika vibaya, naye hakukubali tena kushikwa vibaya. Alipochoka kukaa, alilala. Alipochoka kulala chali, alilala ubavu. Kidonda kilifunga polepole. Kitambaa kilikaa mkononi, ila kililegea kila siku zaidi, mpaka ikawa kinalala shukani pamoja na mtoto. Na asubuhi moja kinyozi alimwinua mwanawe ambadilishe nepi, akaona pale alipokuwa amelala godoro limebonyea. Alikaa pale kitandani, mtoto mkono mmoja, mkono wa pili ameuweka kwenye lile shimo, mpaka akachelewa kufungua duka.

Siku ya kupima uzito, Fundi na mama mkwe walikwenda hospitali pamoja. Mtoto alipowekwa, mzani ulishuka ukagonga. Mpimaji akasema vizuri, anayefuata. Walipokuwa wanatoka, walipita mlango wa wodi ya wazazi, na Fundi akasimama.

Hospitali ilikuwa imepata wavu. Ulikuwa wavu mpya, imara, wa nyuzi nyeupe, umetandazwa chini ya feni kutoka ukuta hadi ukuta, ili watoto wasifike kwenye mapanga. Wageni wenye suti walikuja kuuzindua, utepe ukakatwa. Kila mtu alikubali kwamba ni wavu mzuri. Chini yake watoto walikuwa wametulia, migongo imeegemea nyuzi, na chini yao mama zao walikaa vitandani wakiangalia juu. Muuguzi alikuwa yule yule, na birika.

Kitanda cha karibu na mlango kilikuwa na binti aliyenyoosha mikono juu, haifiki. Nguo yake kifuani ilikuwa imelowa. Fundi akampa mama mkwe mtoto, akavuta kiti, akapanda. Urefu ule kwake haukuwa kitu. Akamshusha mtoto wa yule binti.

"Jilaze nyuma, mdogo wangu. Zaidi. Ondoa mkono kichwani kwake. Usimsukume, mngoje."

"Ataruka tena, dada."

"Kamua tone kwanza, alambe. Akilamba hataruka."

Walingoja. Muuguzi alisimama na birika lake akiangalia kidevu kinavyogonga huku na huku, mdomo unavyofunguka, unavyojaa.

"Hivyo ndivyo nilivyotaka kukuonyesha siku ile," alimwambia Fundi.

"Najua, sista."

"Tuliomba muuguzi wa pili. Wakatupa wavu."

Alitaka kuongeza neno, lakini aliitwa wodi ya kulipia, akaenda. Fundi akahamia kitanda kilichofuata.

Kabla ya mchana ikaletwa habari kwamba vitanda vinahitajika, na kila mzazi anayeweza kutembea mpaka chooni anatakiwa aende. Yule binti alikuwa ametembea mpaka chooni. Hakubishana na mtu wala hakumwachisha mtoto. Aliinuka hivyo hivyo, mkono mmoja chini ya makalio ya mwanawe, akatembea taratibu katikati ya wodi huku mtoto akimeza, na watu wakampisha njia. Mwingine akalala kitandani pale kabla shuka halijapoa.