Mkono wa Faraji

Kosa la mtafiti Janeth lilikuwa dogo: alimwomba kiongozi wa ulinzi shirikishi ampitishe nyumba kwa nyumba, maana njia za milimani humpoteza mgeni. Basi kiongozi huyo, Saidi, akamfikisha kwa Mwajuma, mjane wa kaka yake, akaketi papo hapo barazani kusikiliza.

Janeth akatoa shikamoo, akaeleza kwamba anatafiti haki za vijana waliovunja sheria na usalama wa vitongoji, na kwamba majina hayataandikwa. Mwajuma akaendelea kumenya maharage.

Mwanawe Faraji, wa miaka kumi na sita, alikuwa mahabusu ya watoto Tanga kwa kuiba pampu ya kumwagilia mboga. Afisa ustawi wa jamii alikuwa akiandaa taarifa ya mahakama, na neno la Saidi lingekuwa na uzito mkubwa katika kumrudisha nyumbani. Saidi huyo huyo ndiye aliyemvunja mkono siku yeye na wenzake wa doria walipomkamata.

"Mama, tangu doria zianze, mnajisikia salama?" Janeth akauliza.

Majirani wote walishajibu kwamba wako salama. Saidi akamtania shemeji yake kwamba leo kameza ulimi.

Mwajuma akaweka ungo chini. "Mwanangu hawezi kushika jembe. Muulize huyu kwa nini."

Kalamu ya Janeth ikasimama. Saidi akatazama bondeni, akaeleza polepole kwamba siku ile watu walikwisha kufika na mawe na petroli. Alipiga yeye kwanza, tena kwa nguvu, ili waridhike wamwachie.

"Niliona ama mkono, ama maiti, shemeji."

Habari ya petroli Mwajuma hakuwahi kuisikia.

"Na polisi ulipowaambia kaanguka?"

"Niliogopa."

"Kesho afisa ustawi akikuuliza, ataanguka tena?"

Saidi akasugua magoti. Akasema akieleza ukweli watashtakiwa yeye na wenzake, na huenda wakubwa wakaona kijana hana usalama huku, wasimrudishe kabisa. Mwajuma alilijua hilo. Ndilo lililomfunga mdomo tangu mavuno yaliyopita.

"Sema tu," akamwambia. "Sitaki arudi mahali ambapo akivunjwa tunasema kaanguka."

Kisha akamgeukia Janeth.

"Binti, andika kwamba huku bado si salama. Andika sasa hivi, kabla sijaghairi."

Janeth akaandika.