Kadi ya Bwana Parmuat

Rozalia Tluway alikuwa na uhakika wa jambo moja wiki ile, na jambo hilo ndilo lililomponza. Aliamini kwamba jina la mwisho la mtoto ndilo analoitwa baba yake. Kwao Endabash ndivyo ilivyokuwa: babu aliitwa Tluway, baba akaitwa Bwana Tluway kanisani na kwenye vikao, na watoto wote wakawa akina Tluway. Nani angefikiri kuna nyumba zenye mpango mwingine?

Basi katibu huyu wa shule ya bweni ya wasichana, pale juu ya Karatu njia ya Oldeani, akafungua orodha ya wahitimu. Akaiamuru kompyuta ichukue jina la kila mtoto, iweke "Bw." mbele yake, kisha ijaze kadi za mahafali. Mwanzoni mashine ilichukua neno la tatu, na wazazi kadhaa wa Kimaasai wa Ngorongoro wakawa Bw. Ole, yaani Bwana "Mwana wa". Rozalia akacheka peke yake, akairekebisha ichukue neno la mwisho, akajiona mjanja kweli.

Kadi zikatoka nzuri kama za harusi. Sista Marsela, mkuu wa shule, akazipitia harakaharaka na kutoa amri yake: bila kadi, hakuna kuingia. Mwaka uliotangulia watu wasiojulikana walimaliza pilau kabla mgeni rasmi hajanawa mikono.

Siku chache baada ya kadi kwenda posta, simu ya ofisi ikaanza kulia.

"Dada, mimi Ismaili wa shamba la kahawa, baba yake Sofia. Mmemwalika Mzee Njou?"

"Ndiyo. Si ndiye wewe?"

"Njou ni baba yangu, na tulishamzika Singida. Sasa mnataka aje na usafiri gani?"

Hajakaa sawa, akapiga Germana, mama mmoja wa huko huko Karatu. Kadi yake ilimwita Bw. Bura, ambaye ni baba mkwe wake, na mzee ameshavaa koti anauliza gari linaondoka saa ngapi. "Na mimi niliyemzaa mtoto nibaki nyumbani nilinde kuku?"

Rozalia akairudia orodha. Majina yalikuwa yale yale, lakini sasa hakujua tena nani ni nani: yupi baba, yupi babu, yupi yu hai na yupi yuko kaburini. Kichwa kilimzunguka. Akaandika jina lake mwenyewe pembeni ya karatasi, akalitazama, ndipo aliposhtuka kwamba hata yeye Tluway hakumzaa.

Simu ikalia tena. Alikuwa Loserian, dereva wa watalii, baba yake Martha.

"Dada, kadi yangu mbona siioni?"

"Ilikwenda kijijini kwenu Arash, sanduku la posta la kanisa, kama fomu yenu inavyosema. Bw. Parmuat."

"Mungu wangu. Umemwita baba yangu."

Akamweleza, maneno yakimtoka kwa shida. Alipoacha ng'ombe wa baba yake ili aje Karatu kuendesha watalii, na kumchukua Martha aje kusoma, mzee alimfukuza. Tangu hapo hawajasemezana, wala Martha hajamwona tena babu yake.

"Akija akaambiwa ni kosa la mashine, ataona nimemfanyia mzaha mbele za watu. Hapo ndiyo basi tena, hatarudi. Mzuie, dada. Au mwache aje, usimwambie. Sijui. Hata mimi sijui nataka nini."

Kama mwenyewe hajui, Rozalia angejuaje? Alimpigia mwinjilisti wa kanisa lile la Arash, anayepokea barua zake, hakupatikana. Akachapa kadi mpya kwa kila mzazi, safari hii akimuuliza kila mmoja anaitwa nani. Ile iliyokwishakwenda kwa Parmuat hakujua aifanye nini, akaiacha.

Siku ya mahafali alisimama getini mwenyewe, maana hakumwamini mtu mwingine na majina yale. Karibu na saa nne akatokea mzee mrefu, shuka yake mpya ingali na mikunjo ya dukani, mkononi ana kibuyu cha maziwa. Akatoa kadi, imekunjwa vizuri na haina hata doa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti. Mwanangu ndiye aliyekuambia uniite?"

Rozalia akainamia orodha yake ya wageni. Akisema ndiyo, anamdanganya mzee wa watu. Akisema hapana, mzee anageuza, na kosa lake la kompyuta linaivunja nyumba ile moja kwa moja. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipoinua macho akamwona Loserian akija kutoka kwenye maegesho, hatua zake zikipungua kadiri alivyomkaribia baba yake.

Mzee akamgeukia mwanawe, akainua kadi. "Ni wewe uliyeniita?"

Loserian akamtazama Rozalia, akaitazama kadi.

"Ni mimi, baba. Nimekuita mimi."

"Acha uongo wako," mzee akasema. "Mwinjilisti aliponisomea alisema hii ni yako, huko shuleni wamekosea. Nikamwambia anyamaze, anisomee tena pale penye jina langu."

Loserian akainamisha kichwa, kama kijana wa Kimaasai anavyomsalimia mkubwa wake. Mzee akahamisha kibuyu mkono wa pili, akauweka ule wa kwanza juu ya kichwa cha mwanawe, na hakuuondoa hata watu waliokuwa nyuma yao getini walipoanza kuuliza kuna nini.